Vidole vya Mpiga Upinde: Hatua Ambayo Mjuzi Husahau Kuifundisha

Wanachuo wengi wanapoandaa somo la kazi za mikono huandika katika andalio lao hatua za kazi kwa utaratibu mzuri: kwanza hiki, pili kile, tatu kile kingine. Shabaha imeandikwa, zana zimeorodheshwa, na dakika zimegawanywa. Hata hivyo, somo linapofika kwenye utekelezaji, nusu ya darasa hukwama, na mwalimu hushangaa: hatua zote amezitaja, mbona watoto hawawezi? Maoni yangu ni kwamba mara nyingi ipo hatua moja ambayo haikutajwa, nayo ni ile ambayo mwalimu mwenyewe huifanya bila kuifikiri. Hakuificha kwa choyo, wala hakuiacha kwa uvivu. Mkono wake umekwisha kuizoea hata akili yake haiioni tena.

Ili nieleweke, nitatumia mfano ulio mbali kidogo na madarasa yetu, yaani jinsi Waingereza wa kale walivyotumia vidole kuvuta upinde mrefu. Mfano huu nimeuchagua kwa makusudi. Hiyo ni stadi iliyofundishwa kwa watoto wa taifa zima, ikaandikiwa kitabu na mwalimu hodari, kisha ikafifia kiasi kwamba watu wa leo hubishana juu ya jambo dogo kabisa lililomo ndani yake: je, vidole vilikuwa viwili au vitatu? Tukifahamu asili ya ubishi huo, tutafahamu pia kwa nini mtoto wa darasa la tatu anashindwa kufunga fundo ambalo mwalimu wake amekwisha kulieleza mara nne.

Stadi iliyoamriwa kwa sheria

Upinde mrefu wa Waingereza ulikuwa kipande cha mti chenye urefu wa kimo cha mtu mzima au kupita, na nguvu zake zilikuwa kubwa. Ushahidi ulio bora juu ya jambo hilo ulitoka baharini. Mary Rose, meli ya kivita ya Mfalme Henry wa Nane, ilizama karibu na Portsmouth tarehe 19 Julai 1545, nayo ikaibuliwa mwaka 1982. Humo zilipatikana pinde nzima zaidi ya 130 na mishale zaidi ya 3,500. Wataalamu waliozichunguza walikadiria kwamba nyingi kati ya pinde hizo zilihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, yaani zaidi ya kilo 45, ili zivutwe kikamilifu. Msomaji na afikirie uzito unaokaribia mfuko mmoja wa saruji, ukining'inia katika vidole vichache vya mkono mmoja.

Nguvu ya namna hiyo haipatikani kwa urahisi na mtu aliyeanza ukubwani. Ndiyo maana sheria iliyotungwa mwaka 1542, wakati wa mfalme huyo huyo, iliwataka wazazi wawape wavulana wenye umri wa miaka 7 hadi 17 upinde na mishale miwili, na kuwalea katika kazi ya kupiga. Kwa lugha yetu ya ualimu tungesema kwamba huo ulikuwa mtaala wa taifa zima, na kwamba ulianza na mtoto wa umri wa darasa la kwanza.

Hatua tano, na mkono usio na vidole

Mwaka uleule wa 1545 ilipozama Mary Rose, Roger Ascham, msomi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichapisha kitabu kiitwacho Toxophilus juu ya sanaa ya kupiga upinde. Mfalme alikipenda, akampa Ascham malipo ya pauni 10 kwa mwaka. Mtu huyu si mgeni katika fani yetu. Baadaye alimfundisha binti mfalme Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia Elizabeth wa Kwanza, na kitabu chake kingine, The Scholemaster, kilichotolewa mwaka 1570 baada ya kufa kwake, kinapinga desturi ya kumfundisha mtoto kwa fimbo. Basi hapa tunaye mpiga upinde ambaye pia alikuwa mwalimu, na aliyeandika kwa lugha ya wananchi wenzake badala ya Kilatini. Nani angeweza kutuandalia somo bora zaidi?

Na kwa kweli aliliandaa vizuri. Aliigawa kazi katika hatua tano: kusimama, kupachika mshale kwenye upote, yaani ule ugwe wa upinde, kuvuta, kushikilia, na kuachia. Mwanachuo yeyote atautambua hapo mgawanyo wa hatua tunaoufundisha vyuoni. Kuhusu kuvuta, Ascham anaeleza mshale uvutwe mpaka wapi, akiwalinganisha watu wa kale waliovuta hadi kifuani na Waingereza wa zama zake waliovuta hadi sikioni. Kuhusu kuachia, anataka kitendo kiwe cha haraka bila kushtua, na kiwe laini bila kulegea. Maneno haya ni mazuri. Lakini mtoto akiuliza, "Mwalimu, niushike kwa vidole vipi?" atajibiwa na nani?

Jibu limo kitabuni, ila halipo pale ambapo mwanafunzi angelitafuta. Limo katika maelezo ya vifaa, pale Ascham anapozungumzia glavu ya kukinga vidole. Hapo anasema kwamba uzito wa upote hubebwa hasa na kidole cha shahada na kidole cha pete, na kwamba kidole cha kati, ingawa ni kirefu kuliko vyote, hujirudisha nyuma kama kibarua mvivu anayewaachia wenzake mzigo. Kwa hiyo anashauri ngozi ya vidole vile viwili iwe nene zaidi, na ile ya kidole cha shahada iwe nene kupita zote. Kwa maelezo hayo machache ya fundi wa glavu tunapata kujua kwamba mvuto alioujua Ascham ulikuwa wa vidole vitatu, na hata jinsi vidole hivyo vilivyogawana kazi. Tungeukosa ukurasa wa glavu, tungebaki na hatua tano kamili na mkono usio na vidole.

Tusimlaumu Ascham upesi. Yeye aliwaandikia watu ambao kila mmoja wao alikuwa ameuona mkono wa baba yake au wa kaka yake ukivuta upote. Jambo linalojulikana na wote haliandikwi, kwa kuwa hakuna anayeona haja ya kuliandika. Aliona haja ya kuieleza glavu kwa sababu glavu hununuliwa, na mnunuzi huweza kudanganywa. Vidole, kila mtu alikuwa navyo.

Ubishi wa viwili na vitatu

Desturi ile haikudumu. Bunduki zilienea, na mwaka 1595 serikali ya Malkia Elizabeth iliamuru kwamba wapiga upinde wa majeshi ya akiba wasiandikishwe tena kwa silaha hiyo, bali wapewe bunduki. Upinde ukabaki kuwa mchezo, na pinde za mchezo zikawa nyepesi kuliko zile za vita. Mnyororo wa baba na mwana ulipokatika, kilichobaki ni vitabu, picha, na vitu vilivyochimbuliwa. Pinde za Mary Rose zinaweza kutuambia urefu wake na nguvu zake, lakini mti hauhifadhi alama ya vidole vya aliyeuvuta. Katika picha za kale za Ulaya, wachoraji huonyesha mara vidole viwili, mara vitatu.

Mahali penye pengo, hadithi huingia. Watu wengi wamesikia kwamba Wafaransa waliahidi kuwakata wapiga upinde wa Kiingereza vidole viwili, na kwamba baada ya vita vya Agincourt, tarehe 25 Oktoba 1415, Waingereza waliwainulia vidole hivyo viwili kwa kejeli, na eti hiyo ndiyo asili ya ishara ya matusi iliyopo Uingereza hadi leo. Hadithi hii inapendeza, nayo husimuliwa hata na watu wasomi. Lakini tukimwendea Jean de Wavrin, mwandishi wa tarehe aliyekuwapo katika vita hivyo upande wa Wafaransa akiwa kijana, tunakuta anaeleza kwamba mfalme wa Uingereza, akiwatia moyo askari wake kabla ya mapigano, aliwaambia kuwa Wafaransa wamejigamba kuwakata vidole vitatu vya mkono wa kuume. Ni vitatu, si viwili. Tena ni maneno ya kuwachochea askari, na ishara ya kejeli haimo kabisa.

Sisemi kwamba hakuna Mwingereza aliyewahi kuvuta kwa vidole viwili. Picha zinatuzuia kusema hivyo, na upinde ulio mwepesi huvutika kwa viwili bila taabu. Nasema tu kwamba pale ambapo wajuzi waliona hapana haja ya kueleza, vizazi vilivyofuata vililazimika kubahatisha. Na mwanafunzi wetu darasani ni kizazi kinachofuata.

Sitini na tatu

Je, kwa hiyo vidole haviwezi kuelezwa kwa maneno? Hapana, vinaweza, kama mwalimu akijua pa kuanzia. Tutazame kitabu kingine cha karibu zama zilezile. Waarabu, Waturuki na Waajemi walikuwa na upinde wa namna nyingine, mfupi na wenye tabaka za pembe na mishipa ya wanyama, nao waliuvuta kwa kidole gumba. Kitabu kimoja cha Kiarabu kilichoandikwa Morocco karibu mwaka 1500, ambacho Nabih Amin Faris na Robert Elmer walikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1945, kinauita mshiko mashuhuri wa upote kwa jina la namba: sitini na tatu.

Mtu wa leo hushangaa. Namba inahusianaje na upinde? Lakini msomaji wa zama zile hakushangaa hata kidogo. Wafanyabiashara na wasomi wa nchi za Kiislamu walikuwa na utaratibu wa kuhesabu kwa kukunja vidole. Kidole cha mwisho, cha pete na cha kati vilionyesha mamoja; kidole gumba na cha shahada vilionyesha makumi. Kwa tatu, mtu alivikunja vile vidole vitatu kiganjani. Kwa sitini, alikikunja kidole gumba na kukipitisha kidole cha shahada juu yake. Basi mwalimu wa upinde aliposema "sitini na tatu", mkono wa mwanafunzi ulikuwa umekwisha kujipanga kabla mdomo haujauliza swali.

Huu ni ufundi mkubwa wa kufundisha, nao unaitwa kwa jina tunalolikariri vyuoni kila mwaka: kutoka jambo linalojulikana kwenda jambo lisilojulikana. Ascham aliyajua mengi, lakini katika suala hili la vidole mwandishi wa Morocco alimpita. Alitafuta kitu ambacho mkono wa mwanafunzi ulikwisha kukijua, akakifunga kitu kipya juu yake.

Mkono mmoja, njia tano

Lipo kosa la pili ambalo mjuzi hulifanya, nalo ni kudhani kwamba njia yake ndiyo njia ya maumbile. Aliyelifumbua jambo hili kwa upande wa upinde ni Edward S. Morse, Mmarekani mtaalamu wa elimu ya wanyama ambaye alikuwa amefundisha katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Morse alimwona Mjapani akivuta upote kwa namna isiyofanana na ile aliyoizoea yeye. Badala ya kumsahihisha, alianza kuuliza na kutazama; na mwaka 1885 alichapisha uchunguzi wake, akizigawa njia za kuvuta na kuachia mshale zilizotumiwa na mataifa mbalimbali katika mafungu makuu matano.

Namshauri mwanachuo afunge uzi imara kati ya miguu miwili ya kiti, achukue penseli badala ya mshale, na azijaribu njia hizo bila kuirusha penseli. Katika njia ya kwanza, nyuma ya mshale hubanwa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada kilichokunjwa. Katika ya pili, mbano ni uleule, ila ncha za kidole cha kati na cha pete husaidia kuvuta upote. Katika ya tatu, kidole cha shahada hunyooka zaidi, na ncha yake pamoja na ya kidole cha kati, na mara nyingi cha pete pia, huvuta upote, huku kidole gumba kikiugandamiza mshale kwa upande. Katika ya nne, ambayo Morse aliiita ya Mediterania, upote hushikwa kwa vidole viwili au vitatu vilivyokunjwa, mshale hukaa kati ya kidole cha shahada na cha kati, na kidole gumba hakina kazi. Hiyo ndiyo njia ya Waingereza. Katika ya tano, ya Kimongolia, kidole gumba hukunjwa juu ya upote, nacho kidole cha shahada hukifunga kisifunguke. Hiyo ndiyo sitini na tatu.

Atakayejaribu atagundua mwenyewe jambo ambalo maelezo hayamwambii upesi. Mbano wa njia ya kwanza hufaa tu kwa upinde dhaifu, kwani nguvu ikizidi penseli huchomoka vidoleni. Njia ya nne na ya tano hazitegemei kubana, bali kuning'iniza, na ndiyo maana zinahimili pinde zenye nguvu. Dakika kumi za uzi na penseli zimefundisha zaidi ya kurasa mbili za maelezo. Nami naamini kwamba aliyejaribu hataisahau.

Mkulima na mwanawe

Yumkini msomaji atauliza: kama vitabu vilinyamaza, hao wavulana wa Uingereza walifundishwaje? Tunaye shahidi. Askofu Hugh Latimer, akihubiri mbele ya Mfalme Edward wa Sita mwaka 1549, alieleza jinsi baba yake, aliyekuwa mkulima, alivyomfundisha. Alimwonyesha namna ya kuvuta na namna ya kuutia mwili wake wote katika upinde, asitegemee nguvu za mikono peke yake. Tena alimnunulia pinde kwa kadiri ya umri na nguvu zake, na kadiri alivyokua ndivyo pinde zake zilivyoongezwa ukubwa.

Hapa mna mambo mawili ambayo mwalimu hana budi kuyashika. La kwanza ni kwamba baba hakutangulia kuhubiri. Alionyesha, mtoto akiwa karibu naye. La pili ni kwamba kifaa kilimfuata mtoto, si mtoto kukifuata kifaa. Hakupewa upinde wa baba yake ili apambane nao mpaka akomae. Alipewa upinde anaouweza, akajifunza mwendo sahihi wa mwili, na uzito ukaja nyuma. Vidole vinavyoteswa na upinde mzito kabla ya wakati hujifunza hila, na hila ikishazoeleka ni taabu kuiondoa.

Darasani kwetu

Turudi sasa kwa mtoto wa shule ya msingi. Tunapokagua mazoezi ya kufundisha huonekana mara kwa mara mwalimu akiwafundisha watoto wa darasa la kwanza kuandika herufi. Ubaoni herufi imechorwa vizuri, na mishale midogo inaonyesha kalamu ianzie wapi. Lakini jinsi ya kuishika penseli haikufundishwa. Mtoto mmoja ameishika kwa ngumi, mwingine ameikaba karibu na ncha hata vidole vimepauka, na wa tatu amepitisha kidole gumba juu ya vingine. Baada ya mistari minne mikono imechoka. Mwalimu huandika daftarini "ongeza bidii", ilhali mtoto hakukosa bidii. Alichokosa ni ule ukurasa wa glavu.

Hatari yenyewe ni kubwa kuliko mwandiko mbaya. Mtoto asiyeonyeshwa hatua iliyofichika huona wenzake wanaweza na yeye hawezi, na kwa kuwa hajui kilichokosekana, hudhani kilichokosekana ni akili yake. Walimu nao humpachika jina: mzito, mvivu, hana mkono. Majina hayo hukaa na mtoto kwa miaka mingi. Naona ni dhuluma kumhukumu mtu kwa hatua ambayo hakuonyeshwa.

Nazijua hoja za wanaopinga. Watasema darasa lina watoto wengi na mwalimu ni mmoja. Atawezaje kukagua vidole vya kila mtoto? Watasema pia kwamba mtihani ni wa maandishi, kwa hiyo anayezikariri hatua atafaulu. Hoja ya kwanza ina uzito, lakini dawa yake ipo. Mwalimu awafundishe kwanza watoto wanane, ahakikishe vidole vyao, kisha kila mmoja akae na kikundi chake. Mtoto aliyejifunza jana bado anaikumbuka ile hatua ngumu, na pengine ataieleza vizuri kuliko mwalimu aliyeisahau miaka ishirini iliyopita. Kuhusu mtihani, nauliza tu: atakayezitaja hatua tano za Ascham bila kuweza kuuvuta upote, tumemfundisha upinde au tumemfundisha orodha?

Tena stadi zinazofifia si za Ulaya peke yake. Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania wangali wakiwinda kwa upinde. Waata wa nyika ya Tsavo nchini Kenya walisifika kwa kuwinda tembo kwa pinde kubwa na mishale ya sumu, mpaka serikali ya kikoloni ilipoukandamiza uwindaji huo katika miaka ya 1950. Msimulizi wa kawaida huvutiwa na sumu na ukubwa wa mnyama. Mwalimu anatakiwa avutiwe na vidole. Na ndivyo ilivyo kwa msusi wa mikeka, mfinyanzi wa vyungu na fundi wa nyavu waliopo jirani na shule zetu. Mkiwapeleka wanafunzi kwa mzee wa namna hiyo, msiridhike na majina ya vifaa na historia ya ukoo. Shikamoo ikishaitikiwa na mzee akishakubali, mwombeni aifanye kazi polepole, kisha muulize: Mzee, kidole hiki kinafanya nini? Na hiki kilichotulia, kwa nini kimetulia? Andikeni, chora picha kutoka upande wake na upande wenu. Huenda mkawa wa kwanza kuliandika jambo hilo.

Mapendekezo kwa mwanachuo

Kwa kufupisha, napendekeza mambo manne. Kwanza, kabla ya kuandika andalio la somo la stadi yoyote, ifanye kazi hiyo mwenyewe polepole huku mwenzako akiandika kila tendo la vidole vyako; yale asiyoyatarajia yeye ndiyo unayoyasahau wewe. Pili, unapoonyesha, usiwakabili watoto kila mara, kwa maana anayekutazama uso kwa uso huuona mkono wako wa kulia upande wake wa kushoto. Waite wasimame nyuma yako au ubavuni, watazame unakotazama. Kwa mtoto anayetumia mkono wa kushoto, kukabiliana ndiko kunakomfaa, kwani atauiga mkono wako kama anavyojiona katika kioo. Tatu, tafuta "sitini na tatu" yako, yaani kitu ambacho mikono ya watoto wako inakijua tayari, kama vile kubana punje ya mahindi, kukamua ng'ombe au kushika uzi wa tiara, na uanzie hapo. Nne, mpe mtoto upinde anaouweza: uzi mnene kabla ya mwembamba, jembe dogo kabla ya kubwa, mstari mfupi kabla ya ukurasa.

Ascham alikuwa mwalimu hodari kuliko wengi wetu, na hata yeye vidole viliponyoka katika hatua zake tano. Sisi hatuwezi kujisifu kwamba tutaepuka kabisa. Tunachoweza ni kujiuliza swali moja kila tunapofunga andalio la somo: mtoto ambaye hajapata kuuona mkono wa mtu yeyote akiifanya kazi hii, akinisikiliza mimi peke yangu, atajua aweke wapi vidole vyake?